Mume Wangu Aliporudi Bila Habari

Mume wangu alikufa siku ya Jumanne asubuhi, na kabla jua halijazama akaomba maji. Ninaanza na hilo kwa sababu watu wa Mpofi, kijiji cha mume wangu, wakinikumbuka, hunikumbuka kwa hilo. Hawakumbuki kwamba nililima vizuri.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya Wazungu kwisha. Mimi si mtu wa msitu. Nilizaliwa Karuba, kwenye vilima vya Masisi, nyumbani kwa watu wa ng'ombe, na kazi yangu ya usichana ilikuwa kukamua na kuuza maziwa kando ya barabara pamoja na mama yangu. Mume wangu alifika kule na kikosi cha makantonye, wale watu wa kutengeneza barabara. Kila asubuhi alikuja kununua maziwa, akayanywa pale pale akiwa amesimama, akarudisha kikombe. Yakiwa mazuri alisema, "Mazuri." Siku moja yalikuwa yamechacha, akasema, "Yamechacha," akanywa yote. Mama yangu alisema mtu huyo hatatusumbua kumwelewa.

Alibatizwa ili anioe. Alisoma katekisimu nzima kwa miezi sita na kujibu kila swali kama lilivyoandikwa. Nilipomuuliza kama anayaamini aliyoyajibu, alisema bado anayafikiria. Nikamfuata kwao, Walikale, ambako hakuna ng'ombe wala maziwa na mvua hainyeshi ila inakaa. Huko tulizaa mtoto wa kike. Alipofika miaka miwili alishikwa na kifaduro, na wiki tatu baadaye tulimzika nyuma ya kanisa dogo la majani. Mume wangu alilichimba kaburi mwenyewe. Mwaka uliofuata ndipo na yeye akaanza kuugua.

Ilikuwa homa, siku tisa. Enfirmye, yaani munganga wa serikali, alipita kijijini kwetu mara moja kwa mwezi kwa kinga, yaani baisikeli, na mwezi ule alikuwa ameshapita. Asubuhi ya siku ya kumi mume wangu alivuta pumzi moja ndefu na hakuvuta nyingine. Wamama watatu waliozoea kazi ya kuosha maiti waliitwa. Waliweka unyoya wa kuku chini ya pua yake, unyoya haukutikisika. Walimbana kidole cha mguu, hakusema kitu. Wakamwosha, wakamfunga kidevu kwa kitambaa, wakamlaza kwenye mkeka. Mimi nilikaa karibu na kichwa chake. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja hivi, na nilikuwa nikifikiria nitapitia njia gani kurudi Karuba.

Nje, ugomvi ulianza.

Kulikuwa na watu wawili waliokuwa na haki juu ya maiti ile. Wa kwanza alikuwa katekista wetu, mwanaume mfupi aliyetumwa na misioni, mwenye daftari la wabatizwa ambalo hakuliacha hata akienda mtoni. Sisi sote tulimwita Mwalimu. Wa pili alikuwa kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu. Huyu alikuwa mwindaji wa nyavu. Jumapili alikuja kanisani kama wengine, lakini kabla ya nyavu kuingia porini aliweka chakula kidogo kwenye kijumba cha wazee waliokufa, na hakuona tatizo.

"Muntu wa batisimu anazikwa kwa kanisa," Mwalimu alisema. "Roho yake imeenda kwa Mungu. Mwili utangojea ufufuko pale, karibu na mutoto wake."

"Baba yake iko nyuma ya bitoke yangu," mzee alijibu. "Akimungojea na hamuone, ataniuliza mimi. Hatakuuliza weye, hakujui."

"Baba yake hakubatizwa, Papa. Hawaendi pahali pamoja."

"Njo nasema vile! Mumoja huku, mumoja kule. Basi nani atamuonyesha njia?"

"Malaika."

"Malaika anajua Kinyanga?"

Mwalimu alifikiri kidogo, akasema malaika anajua lugha zote. Mzee akauliza kwa nini basi sala zinasomwa kwa Kilatini. Vijana wa ukoo walipoona maneno hayaishi, wakaenda kuchimba nyuma ya bitoke, ile migomba ya mzee. Watu wa kanisa walipoona hivyo wakaenda kuchimba nyuma ya kanisa. Kufikia saa nane kulikuwa na makaburi mawili tayari na maiti mmoja. Kama wangepatana asubuhi, mume wangu angekuwa ameshafukiwa kabla ya saa sita. Baadaye mara nyingi nimesikia watu wakisema kwamba kubishana juu ya dini hakumsaidii mtu yeyote. Mimi huwa sisemi kitu.

Jua lilikuwa limeanza kuingia mlangoni aliposema, "Maji."

Alilisema vibaya kwa sababu kidevu kilikuwa kimefungwa. Wamama wawili walitoka kwa mlango na wa tatu akapita kwenye ukuta wa matete, ambao tuliujenga upya baadaye. Mimi sikukimbia. Ningependa kusema ni kwa upendo, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Nilimfungua kitambaa, nikamnywesha. Nilimwagia mengine shingoni, akasema, "Polepole."

Mwalimu na mzee waliingia pamoja. Hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi.

"Uliona nani?" mzee alisema.

"Kikombe kingine," mume wangu aliniambia. Alipomaliza kunywa, akamjibu. "Sikuona muntu."

"Baba yako?"

"Hapana."

"Basi uliona nini?" Mwalimu alipiga magoti karibu naye, daftari mkononi. "Fikiri muzuri, kaka. Mwangaza? Mulango? Sauti?"

Mume wangu alifikiri. Aliheshimu maswali, hata ya wapumbavu. "Nililala," alisema. "Njo nikaamuka. Katikati hakuna kitu."

"Hakuna kitu namna gani? Giza?"

"Hata giza hapana. Giza ningeiona."

Mwalimu alifunga daftari bila kuandika.

Kwa majuma yaliyofuata nyumba yetu haikukosa wageni. Watu walitoka vijiji vya mbali, wakaketi, wakakubali bugali yangu, kisha wakamuuliza. Aliwajibu wote sawasawa. Nilidhani jibu hilo litawachosha. Kumbe kila mmoja aliondoka nalo akiwa amefurahi kuliko alivyokuja. Mzee alieleza kwamba wafu walimkuta kwenye kijito, wakamwona hajaonyeshwa njia nzuri kwa sababu ya ugomvi wa Mwalimu, wakamrudisha na kumsahaulisha. Mwalimu alihubiri kwamba mwenye dhambi ndogondogo hafunguliwi pazia. Mwinjilisti mmoja wa dini nyingine, ya wale wanaosema wafu hulala mpaka siku ya mwisho, alipiga kinga siku nzima kuja kwetu. Aliposikia "nililala" alimkumbatia mume wangu, akaomba amrudilie neno lile mbele ya watu. Mwalimu naye alikuwepo. Walibishana mpaka mvua ikawafukuza, na mume wangu katikati yao, akitengeneza mpini wa jembe.

"Na wewe unasema nini?" mwinjilisti alimuuliza.

"Nimeshasema," alijibu.

Kisha mupadri mwenyewe akaja, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, kwa pikipiki, katika ziara yake ya kila miezi mitatu. Alimsikiliza mume wangu, akamtazama macho, akamgonga kifua, akacheka kwa furaha. "Muzuri sana," alisema. "Hukukufa. Ni ugonjwa unaojulikana. Hukuona kitu kwa sababu hukuenda popote."

Alidhani amemaliza jambo. Wale wamama watatu wa kuosha maiti walikuwa wamesimama mlangoni. Mkubwa wao alikuwa ameosha watu tangu kabla mupadri hajazaliwa. "Sisi hatujui muntu aliyekufa?" aliuliza. Mupadri alieleza habari ya moyo na damu. Mama yule alingoja amalize, akasema kwamba basi siku mupadri akifa, waite munganga amuoshe. Wamama hao hawakuja kanisani kwa Jumapili nne, na Mwalimu alilazimika kuwapelekea chumvi ya kuwatuliza.

Makaburi nayo yalibaki wazi kwa muda. Lile la kanisa lilifukiwa, maana mbuzi aliingia. Lile la mzee aliligeuza shimo la kuivishia ndizi za kasiksi, na pombe ya mwaka ule, waliokunywa walisema, haikuwa na kasoro.

Sasa nifike kwa mama mmoja mzee, jirani yetu wa upande wa mto. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume. Kijana huyo alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya madini, na siku moja udongo ukaanguka. Wakamzika huko huko. Mama alipata habari kwa mtu aliyepita njia, pamoja na blanketi. Hakuliona kaburi.

Alikuja asubuhi na kuku jike mzuri chini ya kwapa. Akamsalimu mume wangu, akaketi. "Mutoto yangu, kule ulikoenda, ulimuona mwanangu?"

"Hapana, Mama. Sikuona muntu."

"Alikuwa murefu. Na kovu hapa kwa nyusi."

"Sikuona, Mama."

"Sawa," alisema. Hakuondoka. Alikaa mpaka saa sita, akarudi kwake na kuku wake. Kesho yake akaja tena na kuku yule yule. Hakuuliza tena, aliketi tu, akimtazama mume wangu kama mtu anavyomtazama karani aliyesema ngoja. Siku ya tatu vilevile. Mume wangu alikuwa bado dhaifu, hakuweza kurudi barabarani, hivyo hakuwa na pa kukimbilia.

Siku ya nne nilikuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Nilimsikia akisema, "Mama. Nilimuona."

Mchi ulisimama mkononi mwangu. Mtu huyu, aliyemwambia Mzungu wa teritware, mtawala wa eneo letu, mbele ya watu kwamba kilalo chake, daraja alilojenga, kitaanguka, na kikaanguka. Mtu aliyeniambia siku ya ndoa yetu kwamba viatu vyangu havilingani. Sikuwahi kumsikia akisema lisilokuwepo.

"Alikuwa namna gani?" mama aliuliza.

"Muzuri. Hana kidonda."

"Alivaa nini?"

Hapo alikwama. Hakuwa na mazoezi. "Shati," alisema. "Nyeupe."

"Hakuwa na shati nyeupe."

Nilitaka kuingia nimsaidie, sikujua na nini.

"Kule wanapewa," mume wangu alisema.

Mama alilifikiria, akatikisa kichwa kukubali. Aliuliza kama mwanawe alimtuma neno. Mume wangu akasema hakupewa nafasi, ilikuwa haraka, lakini kijana alimwinulia mkono. Mama akanyosha mkono wake mwenyewe juu, akauangalia. "Hivi?"

"Hivi."

Alimwacha kuku, akaenda zake, akitembea upesi kuliko nilivyomzoea.

Kufikia jioni kijiji chote kilijua. Mwalimu alifika akihema. Mzee wetu alifika akiwa amekasirika: yaani mtoto wa jirani umemuona na shati yake, baba yako mwenyewe hukumuona? Mume wangu alikuwa amelala na blanketi usoni.

Jumapili Mwalimu alimwita mbele ya kanisa ashuhudie. Kanisa lilijaa hata watu wakasimama nje kwenye matope. Yule mama mzee alikaa benchi ya kwanza, amefunga kitambaa kipya. Mimi nilikaa na wanawake nyuma. Akisema aliona, itabidi amwambie mzee kwa nini hakumwona baba yake, na kila mtu mwenye maiti wake atakuja na kuku. Akisema hakuona, mama yule alikuwa pale, hatua mbili kutoka kwake.

"Kaka," Mwalimu alisema, "ambia watu. Uliona ao hukuona?"

Mume wangu alisimama kama alivyosimama akinywa maziwa. "Neno nililoambia Mama, nililiambia Mama," alisema. "Ninyi wengine, nililala."

"Hilo si jibu. Uliona ao hukuona?"

"Mumuulize yeye."

Mama yule hakungoja kuulizwa. Alisimama, akawageukia watu. "Alimuona," alisema. "Munataka nini tena? Mulimujua mutoto yangu ninyi?" Akaketi. Mwalimu akaanzisha wimbo. Nafikiri ndiyo siku nilipoanza kumheshimu Mwalimu, maana wimbo ule aliuanzisha juu sana na akauimba karibu peke yake mpaka mwisho.

Watu walidhani nilijivunia. Mimi nilikuwa na wivu. Mama wa upande wa mto alipewa shati nyeupe na mkono ulioinuliwa, na mimi, mke wake, niliyemnywesha maji, sikuwa nimeuliza hata mara moja. Sikuuliza kwa sababu niliogopa majibu yote mawili. Nilivumilia siku tatu. Ya nne tulikwenda pamoja shamba la muhogo, kazi yake ya kwanza tangu augue. Alipumzika kwenye gogo. Nikasimama mbele yake na jembe.

"Na mutoto wetu?" nilisema.

Alijua tangu zamani kwamba swali linakuja, niliona. Hakutazama pembeni.

"Sikumuona, Mama."

"Yule mama ulimuambia."

"Njo, nilimuambia."

"Mimi hunipendi kama yeye? Nidanganye hata kidogo. Hata nguo tu. Niambie alivaa nini."

"Yeye nitamusalimia kwa njia na nitapita," alisema. "Wewe nitakaa na wewe. Nikianza kukudanganya, nani atakuwa wa kuniambia kweli na mimi nimuambie?"

Alisema hivyo akidhani ananipa zawadi, na labda alinipa. Siku ile sikuiona. Nilimwambia yeye ni jiwe, nikamwambia angebaki huko huko kwenye usingizi wake. Nililima mistari miwili bila kuona ninacholima na nikakata mihogo michanga. Kisha nikakaa chini ardhini na kulia, kilio ambacho sikuwa nimelia mwaka mzima uliopita, kwa sababu wakati ule kila mtu aliniambia mtoto yuko mahali pazuri na ilikuwa aibu kulilia mahali pazuri. Yeye alikuja akakaa karibu. Hakunigusa. Baada ya muda nilisikia pua yake, nikamtazama. Alikuwa akilia bila kujifuta, mikono imelala magotini, macho wazi, kama mtu anayenyeshewa na mvua na amekubali. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku alipochimba kaburi la mtoto.

Kwa siku kadhaa nilimpikia bila kusema naye. Alikula na kusema kama kuna chumvi ao hakuna.

Alirudi barabarani. Mama wa upande wa mto aliishi miaka minne zaidi, na kila walipokutana njiani aliinua mkono, na mume wangu aliinua wake. Watu wengine waliacha kuja, kwani mtu mmoja alimwona jini kwenye maporomoko, na hilo lilikuwa na maelezo mengi zaidi. Mzee na Mwalimu waliendelea kubishana mpaka Mwalimu alipohamishwa. Siku ya kuondoka, mzee alimbebea mzigo nusu ya njia, wakasikika wakibishana mpaka kona.

Mvua zilizofuata siku ile ya shambani nilizaa mtoto mwingine, wa kiume. Mupadri mwenye ndevu nyekundu alikuja kumbatiza. Nilikuwa na hofu na sehemu ile ambapo baba wa mtoto huulizwa maswali, na nilijua sikuwa peke yangu, maana watu waliokuwa nje walisogea dirishani. Mupadri aliuliza kama anamsadiki Mungu. "Ninasadiki," mume wangu alisema. Akauliza kama anasadiki ufufuko wa wafu na uzima usio na mwisho. Mzee alijongea mbele kwenye benchi. "Ninasadiki," mume wangu alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kule Karuba kusema mazuri na yamechacha.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye akimbeba mtoto kwa sababu njia iliteleza. Nilingoja mpaka watu wengine wametangulia.

"Ulisema unasadiki," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Na wewe unasema kule hakuna kitu."

"Nilisema sikuona kitu." Aliruka dimbwi, akanigeukia, akaninyoshea mkono nivuke. "Mupadri hakuniuliza nimeona nini."

"Basi unasadiki kweli?"

Mtoto alikuwa amemshika ndevu, naye alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja ili zisivutwe.

"Tangu shambani," alisema, "ninataka iwe kweli. Sijui kama njo kitu kimoja."

Nikamwambia na mimi sijui. Tulifika nyumbani mvua ikianza, na moto ulikuwa umezimika, ikabidi niende kuomba kaa kwa jirani.